Mchanganya Rangi Aliyeyaogopa Macho Yake

Mpwa wangu huyu akili kazitoa kwangu na sura kaitoa kwa baba yake, kwa hiyo nusu ya maisha yake imemwendea vizuri. Dukani wanamwita Kinyonga. Ni duka la vifaa vya ujenzi, lenye mabati yaliyoegemezwa ukutani nje na mizani ya misumari mlangoni, na kazi yake ni kuchanganya rangi za nyumba. Mashine ya kazi hiyo ipo, imefunikwa turubai. Iliharibika zamani na hakuna aliyeililia.

Mteja anakuja na kipande cha lipu alichobandua sebuleni kwake, kidogo kama ukucha, anasema nataka hiihii. Kinyonga anakipeleka mlangoni penye mwanga, anakitazama kama bwana harusi anavyotazama picha ya mchumba aliyetafutiwa. Anarudi ndani. Tone la nyeusi, tone la manjano, anakoroga kwa kijiti, anapaka kwenye kadi, anapuliza ikauke. Ukienda kupaka ukutani kwako huoni ya zamani ilipoishia. Mimi niliwahi kumpelekea kipande cha soli ya kiatu changu ili nimkomeshe. Akanichanganyia. Nilipaka mlango wa choo, na mpaka leo ndio mlango mzuri kuliko yote mtaani.

Jumapili huzamia baharini. Hatafuti pweza wala samaki, anakwenda kutazama tu, mtungi wa hewa mgongoni na mapezi miguuni, kama wanavyofanya wenye pesa zao. Yeye pesa hana. Aliwapakia rangi boti na vyumba wale wa klabu ya wazamiaji, nao wakamlipa kwa kumfundisha. Tangu hapo kutu ikitokea mahali wanamwita, na boti likitoka na yeye anapanda. Niliwahi kumuuliza chini kule kuna nini. Akaanza kunitajia rangi za matumbawe kama mtu anayetaja watoto wake: hili la haradali, lile la zeituni, lile la kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Ningeweza kushuka nikajionea mwenyewe, maana pumzi zangu enzi zile zilikuwa habari ya pwani nzima. Ila mgongo.

Ninachotaka kusimulia ni msimu wa joto ule alioogopa mpaka suruali ikamvuka.

Kwa alivyonieleza baadaye, alishuka siku hiyo nyuma ya kiongozi wao. Huyo kiongozi wanamwita Mapezi, maana hata nchi kavu anatembea kama ameyavaa. Sasa, maji yanakula rangi, kila mzamiaji analijua hilo. Nyekundu inakufa kwanza, zinafuata nyingine, na kadiri unavyoshuka dunia inakuwa buluu. Kinyonga alishazoea kuongeza kichwani kile ambacho maji yamepunguza. Lakini siku hiyo aliongeza na kuongeza, hesabu ikakataa. Pale penye haradali palikuwa kama pamepigwa puti nyeupe ya ukutani. Penye zeituni palikuwa peupe kama ukuta uliolainishwa unaosubiri fundi. Matawi yalikuwa meupe hadi kwenye ncha, na machache yalitoa zambarau hafifu inayowaka kwa ndani, kama mwanga wa televisheni iliyoachwa chumba kisicho na mtu.

Samaki aliwaona na rangi zao zote, manjano yao na milia yao. Mtu mwingine hapo angetulia. Yeye ndipo alipoogopa, akauuma mpira wa hewa kwa meno.

Nieleze kwa nini. Mama yake, ambaye ni dada yangu, haoni. Haikumjia siku moja. Kwanza alilalamika kwamba balbu za siku hizi hazina nguvu, tukambadilishia balbu nyumba nzima. Kisha akagombana na muuza vitambaa kwamba anamuuzia hudhurungi iliyochuja. Nyekundu aliiona, manjano aliiona. Zilizomkimbia kwanza ni zile za chini, zisizopiga kelele, za udongo na za majani makavu. Kinyonga alikuwa bado mdogo, lakini yale ya balbu anayakumbuka vizuri. Ikabidi ajiambie kule chini: kali bado naziona, hizi za upole ndizo zinaondoka. Imenifika.

Walipopanda botini akauliza kwa hila, kama mtu asiye na shida, "Jamani, leo mmeonaje?"

"Pazuri ajabu," akasema mmoja wa wageni, binti wa benki aliyekuwa anazamia mara yake ya pili maishani. "Yale ya zambarau yameniua kabisa."

Mapezi akamgeuzia Kinyonga kamera yake. Kwenye kioo cha kamera mwamba ulikuwa umejaa uhai, una hudhurungi, una uwaridi, una joto. "Angalia mwenyewe," akasema. "Mwamba wetu haujawahi kunenepa hivi."

Kinyonga akatazama picha. Rangi zote zilikuwepo. Watu wote waliziona isipokuwa yeye.

Hakumwambia mtu. Kwenda kwa daktari wa macho alikataa hata kwa mawazo, kwa hoja kwamba ukienda watakwambia. Akarudi dukani Jumatatu akiwa na siri yake, na siri hiyo ikaanza kumchanganyia rangi. Alikuwa akishakamilisha mchanganyiko, unafanana na kipande cha mteja kabisa, moyo unamwambia: wewe unaona vitu vimepauka, kwa hiyo hii kwa kweli ni kali, punguza. Anaongeza nyeupe. Mwenye kichwa kilichotulia angejua kwamba macho mabovu yangepausha vyote viwili, kipande na kopo, kwa hiyo kufanana kungebaki palepale. Lakini woga ulikuwa umemkalia shingoni, haukumwacha afike huko.

Akarudi mteja mmoja, mama mwenye kliniki ya meno, na kopo mkononi. Mwenye duka, wafanyakazi wanamwita Tajiri, akalifungua kwa bisibisi na kuchungulia.

"Kinyonga, njoo. Mama huyu alileta kijani gani?"

"Cha jani la mgomba, Tajiri."

"Na hiki ni cha nini?"

Kinyonga akakitazama, akakipeleka mlangoni penye mwanga, maana hakujua tena anachokiona ni kipi.

"Hiki ni cha dawa ya meno," akasema mama yule. "Kazi yenyewe ni ya meno, sawa, lakini sikuomba ukuta wa kupigia mswaki."

Watu dukani wakacheka. Tajiri hakucheka. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ukichoka niambie mapema, baba. Huko nyuma kuna makopo ya kubeba, hayo hayahitaji macho."

Neno hilo alilitupa tu, mzaha wa mwenye duka. Kinyonga alilipokea kama hukumu. Akaanza kujipima kila alipokaa: anafumba jicho moja anatazama pazia, analifumba lingine. Anasogeza kiti dirishani. Anawasha taa.

Taa ndiyo iliyomfichua. Alikuwa nyumbani, mchana wa jua kali, dada yangu ameketi kwenye kochi lake anachambua mchele kwa vidole kama kawaida yake. Swichi ikalia. Ikazimwa. Ikalia tena.

"Mwanangu," dada akasema, "umeme umekatika?"

"Hapana, mama. Upo."

"Basi unawasha nini mchana huu?"

Dada aliweka sinia chini. Punje zikamwagika sakafuni, na yeye ni mwanamke asiyemwaga punje. "Mimi nilikuwa nawasha hivyohivyo," akasema. "Miaka ile. Nilikuwa nasubiri mtoke ndipo niwashe."

Kinyonga akasema anatafuta sindano. Dada akamwambia sindano hazitafutwi kwa kusimama. Kijana alipotoka, dada akanipigia simu mimi. Sauti yake sikuijua. Alisema tu, "Kaka, njoo. Mtoto amerithi."

Sitatia chumvi hapa. Nilikwenda na nilikuwa nimeogopa. Niliketi mbele ya yule kijana, nikamwinulia vidole nikamuuliza vingapi, akanitazama kwa huruma.

"Mjomba, vidole naviona. Naona hata ulivyokula ugali hukunawa vizuri."

"Basi mzima wewe. Nenda kaoe."

"Rangi, Mjomba. Rangi za kule chini zimenikimbia." Akanieleza yote, la puti, la kamera, la kijani cha meno. Alieleza akitazama sakafu. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, amefunga mikono yake miwili katikati ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani hospitalini.

Hapo ndipo nilipotoa wazo. Dada yangu atawaambia wazo lilikuwa lake, mwaminini mnayemtaka. Wazo lenyewe ni hili: achukue kadi za rangi za dukani, zile za upole anazozijua kama jina lake, ya haradali, ya zeituni, ya kahawa, ya udongo. Azizungushie utepe wa plastiki unaoonyesha, zisilowe. Jina la kila rangi liandikwe nyuma. Mimi nizichanganye asijue ipi ni ipi. Ashuke nazo mpaka kwenye matumbawe, atazame upande wa rangi, aitaje moyoni, ageuze asome. Akikosea, tunakwenda kwa daktari, na mimi mwenyewe namshika mkono. Asipokosea, macho yake hayana neno.

"Na kama macho hayana neno?" akauliza.

"Tunachinja kuku," nikasema.

Sikufikiri mbele ya kuku. Hakuna aliyefikiri.

Jumapili nilipanda boti pamoja nao. Watu waliokuwepo watawaambia nilitapika. Nilikuwa nalisha samaki, nao walifurahi. Mapezi alinifunga koti la kuokolea akiniita Mzee kila baada ya neno, jambo lililonichefua kuliko mawimbi. Tulipofika juu ya mwamba wakakaa ukingoni, wakashika barakoa zao, wakajiangusha kinyumenyume mmojammoja. Kinyonga alikuwa wa mwisho. Kadi zilikuwa zimening'inia kiunoni kwa kamba. Uso ulikuwa na rangi ya kopo la yule mama wa meno.

Alinisimulia ya chini akiwa bado hajakauka, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema.

Alipiga magoti kwenye mchanga, pembeni ya tumbawe kubwa lenye umbo la meza. Akaogopa kuzitazama kadi. Alikaa hapo anasikiliza pumzi zake mwenyewe zikitoka na mapovu, akiona mshale wa kipimo cha hewa unashuka, bado hajazigusa. Mwishowe akavuta ya kwanza. Maji yalikuwa yameizimisha kidogo, kama yanavyozimisha kila kitu, lakini hata ikiwa imefifia hivyo aliijua. Zeituni. Akageuza. Zeituni. Ya pili, udongo. Akageuza. Ya tatu aliitambua kabla haijatulia mkononi. Zote. Hakukosea hata moja.

Alisema alicheka, maji yakamwingia kwenye barakoa. Alicheka kule chini peke yake kama mwendawazimu, amepona ugonjwa ambao hakuwa nao. Kisha, akiwa bado anacheka, akaweka kadi ya haradali juu ya lile tumbawe la meza, mahali penyewe palipokuwa na haradali mwaka mzima.

Kadi ilikaa pale kama kiraka kwenye shuka jeupe.

Akaweka ya kahawa juu ya lingine. Akaweka ya zeituni. Alitoka tumbawe hadi tumbawe, na kila alipoweka kadi ilionekana hata kwa mbali, kitu pekee chenye rangi. Kicheko kikamkauka. Alipoinua kichwa akaona mwamba wote, kushuka mpaka unapopotelea kwenye kiza cha buluu, umesimama mweupe. Na kwenye weupe huo wale wageni walikuwa wanaelea, wamenyoosha simu zao kwenye vifuko vya plastiki, wanapiga picha.

Nilimwona anatokeza. Alishika ngazi ya boti lakini hakupanda.

"Vipi?" nikamuuliza. "Tuchinje?"

"Macho yangu mazima, Mjomba."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona uso huo?"

Macho yake yalinipita mimi. Mapezi alikuwa ameshapanda, anapangusa kamera. Kinyonga akamwambia, "Kaka, mwamba umekuwa mweupe."

"Wewe ndiyo umekuwa mweupe," Mapezi akacheka. "Njoo uone picha."

"Hiyo kamera ina kioo chekundu mbele."

"Ndiyo. Bila hicho wageni wanapata picha za buluu tupu, hawarudi."

"Na simu zao?"

"Zina utaratibu wake, zinaongeza rangi zenyewe." Mapezi aliyasema hayo akiendelea kupangusa. Kisha mkono ukapunguza mwendo. Akatazama kamera, akamtazama Kinyonga, na kicheko kikabaki usoni bila mwenyewe. "Mimi niko hapa kila siku," akasema. "Ningeona."

"Unaona kioo cha kamera. Ukiacha kamera unaona vipimo vya hewa vya wageni. Hujautazama."

Yule binti wa benki akauliza kama kuna tatizo. Mapezi akaiweka kamera juu ya benchi taratibu, akavaa mtungi mwingine, akashuka peke yake bila kitu mkononi.

Kinyonga akapanda akaketi karibu yangu. Alijifunika taulo, na jua lilikuwa linachoma kichwa. Tukakaa tunatazama mapovu ya Mapezi yakisogea juu ya maji, yanakwenda, yanasimama, yanakwenda tena.

"Mjomba," akasema kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia, "nikiomba macho yangu ndiyo yawe mabovu, ni dhambi?"

Mimi kwa kawaida jibu huwa linanitoka kabla swali halijaisha. Nilimshika bega, basi.

Mapovu yalisimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Kisha Mapezi akatokeza mbali na boti, akaogelea polepole, akashika ukingo kwa mikono miwili. Alivua barakoa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilisomeshwa haya," akasema. Hakuwa anazungumza na sisi hasa. "Darasani kabisa, na mtihani nikafanya. Ndani ya nyama ya tumbawe vinaishi vijimea vidogo mno, jicho halivioni. Ndivyo vinavyolitia rangi, na ndivyo vinavyolilisha. Maji yakizidi joto tumbawe linavitoa. Linabaki ngozi tupu, unaona mifupa yake kwa ndani. Nikajibu swali hilo nikapewa alama zote."

"Limekufa?" akauliza Kinyonga.

"Bado. Lina njaa. Maji yakipoa mapema, vijimea vinarudi." Akapangusa uso. "Yakikawia, linaota utando wa kijani na kahawia, na watu watafurahi kwamba rangi imerudi."

"Na yatapoa lini?"

Mapezi alimtazama kama mtoto aliyeulizwa bei ya kitu. Akajivuta akapanda, akawasha injini. Wageni walikuwa wameahidiwa sehemu ya pili ya kuzamia. Hakuna aliyeidai.

Nyumbani dada alitusubiri mlangoni, ameshika fremu. Kinyonga akamwambia macho ni mazima, akamwonyesha kwa kumtajia rangi ya kila kitu alichovaa. Dada alimpapasa uso, akalia kwa furaha, na yeye akasimama pale anakubali kupapaswa. Kuku tulimla. Dada aliuliza mara mbili mbona sauti za watu hazina raha, nikamwambia mwanao ana mifupa ya kuku mdomoni.

Kazini alitulia. Jumatatu alimchanganyia upya yule mama wa kliniki, kijani cha mgomba kilichonyooka, na Tajiri akasema hayo ndiyo mambo. Alikuwa haamki tena kupima pazia. Alichokifanya badala yake ni kuuliza watu juu ya hali ya hewa. Alimuuliza dereva wa lori la saruji, alimuuliza Tajiri, aliniuliza mimi kwenye simu, kana kwamba mawingu niko nayo kabatini. Wakisema litakuwa jua kali wiki nzima, anakaa chini.

Jumapili iliyofuata nilimkuta kwenye ngazi za gati. Boti lilikuwa tayari, Mapezi ndani yake, kamera haipo. Kinyonga alikuwa amekaa na suti yake ya kuzamia juu ya magoti, hajaivaa. Maji yalikuwa yanagonga ngazi chini ya miguu yake, naye ameikunja miguu isiguse.

"Mjomba, tia mkono majini."

"Wako umekatika?"

"Tia wewe."

Nikashuka ngazi ya mwisho, nikakunja shati, nikauzamisha mpaka kiwikoni. Nilitaka kumwambia yamepoa. Ulimi ulikuwa umeshajipanga. Lakini maji yalikuwa ya vuguvugu, kama yale unayoyapima kabla hujamwogesha mtoto mchanga, na yeye hakuwa anatazama mkono wangu, alikuwa anatazama uso wangu.

"Bado ya moto," nikasema.

Akatikisa kichwa, akasimama, akaanza kuvaa suti.